Mjue Pugi kwa Mlio na Mahali, Rangi Ije Mwisho

Njia ya kwenda kisimani ilianzia nyuma ya jiko letu, ikapita chini ya mikorosho, kisha ikapotelea kichakani. Hapo Kilifi, miaka ya utoto, tuliipita kila asubuhi na ndoo zetu, watoto watatu, mmoja nyuma ya mwingine. Siku moja tulimkuta ndege katikati ya njia. Alikuwa akitembea, si kurukaruka kama shomoro, akidonoa huku na kule, kichwa kikienda mbele na nyuma kila anapopiga hatua. Aliyetangulia alisema ndege huyo ni wa kahawia. Tulipomkaribia aliondoka ghafla kwa kishindo cha mabawa, na wa pili akapiga kelele: "Mwekundu!" Akatua hatua ishirini mbele, jua likampata ubavuni, nami niliyekuwa nyuma nikaona vidoa vya kijani vikimetameta bawani kama shanga.

Tulirudi nyumbani tukibishana. Bibi alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Alitusikiliza wote, kisha akauliza swali moja tu: "Alikuwa akiliaje?" Hakuna aliyejua. "Pugi huyo," akasema, akaendelea na nazi yake.

Sote watatu tuliona sawasawa, na tulibishana kwa sababu tuliikimbilia rangi kwanza. Bibi naye alikuwa sahihi, ila neno lake ni pana: wanaoitwa pugi si ndege wa aina moja. Makala haya yanakuonyesha namna ya kuwatenganisha kwa kufuata mpangilio ambao swali la bibi liliudokeza: anza na sikio, fuata na mahali, mtazame anavyoondoka, halafu ndipo uulize rangi.

Pugi ni yupi kati ya njiwa?

Kiswahili kina majina mengi ya ukoo huu. Njiwa manga ni yule wa kufugwa, anayelala darini. Hua na tetere ni wale wa kijivu na wa rangi ya vumbi wanaolia kwenye minazi, mapaa na nyaya za umeme. Ninga ni wa kijani. Hushinda juu ya mikuyu akila matunda na ni nadra kumwona ardhini. Pugi yeye ni mdogo kuliko hao. Urefu wake, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, ni sentimita 20 hivi, na uzito wake unakaribiana na wa yai la kuku. Chakula chake kiko chini: mbegu za nyasi, mbegu zilizodondoka kutoka mitini, vitunda, na mara mojamoja wadudu. Kwa hiyo mara nyingi utamkuta akitembea njiani au kwenye majani makavu, peke yake au wawili wawili. Makundi makubwa si tabia yake.

Kabla ya kujiuliza ni pugi yupi, hakikisha kwanza kwamba ni pugi. Tazama kikosi chake. Hua wengi wa mijini na mashambani wana mstari mweusi nyuma ya shingo kama kola ya shati. Tetere mdogo anayezoea nyua zetu hana kola hiyo, lakini ana vidoa vyeusi vilivyotapakaa kwenye koo na kifua. Pugi hana kola wala vidoa vya kooni. Alama zake ziko kwingine: madoa machache yanayong'aa katika kila bawa, na mikanda miwili myeusi inayokata mgongo kwa upana, karibu na mkia. Mikanda hiyo haionekani vizuri ndege akiwa ametulia kwa sababu mabawa huifunika. Anaporuka, huwa wazi kabisa.

Wataalamu huwaweka pugi katika jenasi inayoitwa Turtur. Ina spishi tano, na zote ni za Afrika. Hakuna hata moja inayopatikana porini katika bara jingine. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, watatu kati yao ndio wa kujua kwanza. Nitamwongeza wa nne, njiwa wa milimani asiye pugi, kwa kuwa naye hushinda akitembea kwenye sakafu ya msitu na huwachanganya watu.

Kwa nini rangi hudanganya

Okota unyoya wa shingo ya njiwa manga, uushike dirishani, kisha uugeuze polepole. Utauona kijani, halafu zambarau, halafu kijivu kisicho na lolote. Unyoya haujabadilika, kilichobadilika ni pembe ya mwanga. Madoa ya bawani mwa pugi hufanya kazi vivyo hivyo. Hayana rangi ya kijani iliyopakwa ndani yake. Yana tabaka nyembamba mno, zisizoonekana kwa macho, ambazo hurudisha aina fulani ya mwanga na kuiacha nyingine, kama utando wa mafuta juu ya dimbwi la maji barabarani. Jua likiyapiga kwa pembe inayofaa, yanawaka. Ndege akisogea kivulini, yanakuwa meusi.

Kivuli ndiyo makazi yake. Chini ya miti iliyoshikana, mwanga unaofika ardhini umechujwa na majani, hivyo cheupe kinaonekana cha kijivu na kahawia inaonekana nyeusi. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kusimama pamoja, wakamtazama ndege mmoja, na kila mmoja akaandika doa la rangi yake.

Halafu kuna rangi iliyofichwa. Manyoya makubwa ya bawa la pugi yana wekundu wa udongo wa kichuguu, lakini bawa likikunjwa huoni hata chembe yake. Waswahili wamesema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa pugi, mlango hufunguka anaporuka, na hufungwa tena mara tu anapotua.

Kwanza, sikiliza

Mara nyingi utamsikia pugi siku nzima kabla hujamwona. Mlio wa jamaa wote watatu una umbo moja: huanza kwa sauti chache za chini, zilizoachana, kana kwamba ndege anasita kusema, kisha sauti zinakaribiana, zinaharakishwa, na kuwa mfululizo mmoja. Kinachowatofautisha ni mwisho wa mlio, kwa hiyo usiondoke kabla haujaisha.

Pugi wa madoa ya kijani huanza na "huu… huu-huu… huu…", akasita tena, kisha akaporomoka: sauti zinaongeza kasi huku zikishuka na kufifia, mpaka ya mwisho huisikii bali unaihisi tu. Ni mlio wa huzuni. Katika nchi za kusini mwa Afrika watu husikia ndani yake kilio cha yatima anayetaja jamaa zake waliokufa mmoja baada ya mwingine, halafu moyo wake unabaki kudunda. Ukishaambiwa hivyo hutausahau. Pugi huyu hulia hata saa sita na saa saba za mchana, jua likiwa kali na ndege wengine wamenyamaza.

Pugi wa kifua cheupe, yule wa msitu, huanza kwa namna hiyohiyo lakini hafifii. Mapigo yake yanakwenda sawasawa, kama mtu anayepiga tari kwa vidole, kisha yanakatika ghafla. Jina lake la kisayansi, Turtur tympanistria, linatokana na neno la Kigiriki la mwanamke mpiga ngoma.

Pugi wa madoa ya buluu ana mlio mfupi zaidi kuliko wa mwenzake wa kijani, nao haudondoki sana mwishoni. Kati ya hao wawili sikio peke yake halitoshi, hasa mwanzoni. Andika ulichosikia, kisha uende kwenye swali la pili.

Pili, tazama uliposimama

Mahali huondoa nusu ya shaka kabla hata hujashika darubini.

Ukiwa kwenye kichaka kikavu, kwenye mbuga yenye migunga, kwenye miombo, au kwenye vichaka vya pwani kama vile vya kwetu Kilifi, fikiria kwanza pugi wa madoa ya kijani. Huyu ni ndege wa joto na ukavu, na ndiye wa kawaida katika sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Afrika.

Ukiwa penye mvua zaidi, yaani magharibi mwa Kenya kama Kakamega, sehemu nyingi za Uganda, Rwanda, Burundi, au upande wa Bukoba, na umesimama ukingoni mwa msitu, shambani au kwenye bustani yenye miti, fikiria pugi wa madoa ya buluu.

Ukiwa ndani ya msitu wenyewe, au kwenye kisitu kilichofunga kando ya mto, fikiria pugi wa kifua cheupe. Huyu ameenea sana: anapatikana kuanzia Afrika Magharibi hadi Ethiopia na kushuka hadi Afrika Kusini, na amevuka bahari hadi Unguja, Pemba, Mafia na Komoro. Hahitaji msitu mkubwa. Bustani ya zamani yenye miembe na vichaka vya kutosha humtosha.

Ukiwa milimani, penye baridi, ukungu na miti yenye kuvu na ndevu za mwani, kama vile Mlima Kenya, Kilimanjaro, Usambara, Uluguru, Udzungwa, Nyungwe au Bwindi, mweke akilini yule njiwa wa nne, mwenye tumbo la rangi ya mdalasini.

Mipaka hii haina ukuta. Pugi wa kijani na wa kifua cheupe wanaweza kulia kwenye kiwanja kimoja, mmoja upande wa kichaka kikavu na mwingine upande wa miti mikubwa. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, una sehemu kavu na sehemu zenye miti mirefu, na ni mahali pazuri pa kufanyia zoezi hili. Ila mahali hukupa pa kuanzia: unajua nani wa kumtarajia, na nani akitokea itakupasa uwe na ushahidi wa kutosha.

Tatu, mtazame anavyoondoka

Watu wengi hushusha darubini ndege anaporuka, wakidhani nafasi imepita. Kwa pugi, kuruka ndiyo nafasi yenyewe. Ataondoka kutoka karibu na miguu yako, chini chini, moja kwa moja, kwa kasi. Katika sekunde hizo mbili tazama vitu viwili tu. Je, bawa lina wekundu? Je, mgongo una mikanda miwili myeusi? Ukipata ndiyo mbili, huyo ni pugi.

Njiwa wa milimani huondoka kwa namna nyingine. Mara nyingi yuko mbele yako muda mrefu ametulia kimya, na rangi yake imemezwa na majani makavu. Nusura umkanyage, ndipo anapolipuka kwa kishindo, anapinda katikati ya mashina, na kutua tena si mbali. Bawa lake halina wekundu wowote. Kinachoonekana ni umbo jeusijeusi, zito zaidi, na ncha za kijivu kilichopauka pembeni mwa mkia. Wengi humdhania kwale. Kwale ana mwili wa mviringo na mkia mfupi kama wa kuku. Huyu ana umbo la njiwa.

Baada ya kuruka, usimfuate mbio. Hesabu hadi mia moja. Pugi huwa hatui mbali, na asipofukuzwa hurudi kutembea mahali palepale alipokuwa.

Nne, sasa rangi

Hapa ndipo rangi inapopewa nafasi yake, kwa sababu sasa unajua unatafuta nini.

*Pugi wa kifua cheupe.* Dume ndiye rahisi kuliko wote. Paji la uso, nyusi, mashavu, koo, kifua na tumbo vyote ni vyeupe safi, na mgongo ni wa kahawia iliyokolea, hivyo kwa mbele anaonekana kama aliyevaa kanzu nyeupe na kujitanda shuka ya kahawia mgongoni. Mstari mweusi unapita kwenye jicho. Madoa ya bawa ni ya buluu iliyokolea mno, na kivulini ni meusi tu. Jike ana mpangilio uleule lakini weupe wake umechanganyika na kijivu usoni na kifuani, na tumbo pekee ndilo linalobaki jeupe. Wanaoanza humkosea jike kila mara. Dawa yake ni nyusi: hata kwa jike, ukingo uliopauka juu ya jicho unaonekana.

*Pugi wa madoa ya kijani.* Jina lake la kisayansi ni Turtur chalcospilos, yaani mwenye madoa ya shaba. Utosi ni wa kijivu, paji limepauka, na kifua kina rangi ya waridi iliyofifia. Madoa yake ni ya zumaridi jua likimpata. Ushahidi usiotegemea jua ni mdomo: wake ni mweusi, au una wekundu kidogo tu shinani.

*Pugi wa madoa ya buluu.* Huyu ni Turtur afer. Mwili wake unakaribia kufanana na wa aliyetangulia, ila una kahawia zaidi. Usijisumbue na madoa kwanza, tazama mdomo. Ni mwekundu wa zambarau, na ncha yake ni ya manjano au machungwa. Mdomo wa namna hiyo, kwenye ukingo wa msitu wa Kakamega au bustani ya Kampala, unamaliza ubishi. Angalizo moja: kaskazini mwa Uganda, penye ukavu, kuna jamaa mwingine mwenye madoa ya buluu na mdomo mweusi, Turtur abyssinicus. Kwa hiyo madoa ya buluu peke yake hayatoshi hata siku moja.

*Njiwa wa milimani.* Jina lake la kisayansi ni Columba larvata. Neno la pili ni la Kilatini na maana yake ni mwenye barakoa, kwa sababu uso wake umepauka hadi kuwa mweupe na kuachana na mwili wote. Ni mkubwa kuliko pugi: sentimita 25 hivi. Kikosi na pande za kifua hubadilika kati ya kijani, shaba na zambarau. Tumbo ni la rangi ya mdalasini, na bawa halina doa hata moja. Jike ana rangi hafifu zaidi. Waingereza wamempa jina la limau, lakini usimtafutie rangi ya limau kwani hana. Mlio wake ni "huu" moja nzito, ya kina, inayorudiwarudiwa bila kuharakishwa, kama mtu anayepuliza mdomoni mwa chupa.

Makinda ni tatizo la peke yake. Pugi wachanga wana michirizi ya kahawia mwilini na madoa yao hayajakolea. Ukikutana na mmoja, subiri mzazi atokee. Asipotokea, andika "pugi" na uishie hapo. Jina pana lililo sahihi ni bora kuliko jina kamili la kubahatisha.

Tahadhari na picha za mtandaoni

Ukitafuta kwenye intaneti "njiwa wa kijani wa msituni," utaletewa picha za ndege mzuri mno: bawa lote la zumaridi, mdomo mwekundu mkali, kifua cha waridi. Huyo yupo kweli, na naye hutembea kwenye sakafu ya msitu, lakini ni Chalcophaps indica wa bara la Asia, kuanzia India hadi kusini mashariki mwa bara hilo. Ndiye ndege rasmi wa jimbo la Tamil Nadu. Ni jamaa, si ndugu wa nyumba moja. Pugi wetu hana bawa la kijani; ana vidoa vya kijani kwenye bawa la kahawia. Wasomaji walioko Kongo nao wajue kwamba ndani ya misitu yao mikubwa yupo pugi wa tano, Turtur brehmeri, mwenye kichwa cha kijivu cha buluu na mwili mwekundu kama kutu, ambaye hafanani na yeyote kati ya hawa.

Namna ya kumpata

Saa nzuri ni mapema, tangu kucha hadi saa tatu asubuhi, na tena tangu saa kumi jioni hadi karibu na magharibi. Chagua njia ya miguu, si barabara. Tembea hatua kumi, simama, tazama mbele kadiri njia inavyoonekana, kisha tembea tena. Atakayekuja kwa kasi atamsikia pugi akiondoka tu.

Mbinu iliyo bora ni kuketi. Tafuta dimbwi au kijito kilicho kivulini, ukae mbali kidogo ukiegemea shina. Njiwa hanywi kama kuku. Kuku huchota kidogo, akainua kichwa, akameza. Njiwa hutumbukiza mdomo na kufyonza mfululizo bila kuinua kichwa. Kwa hiyo pugi akinywa huwa ametulia, kichwa chini, na una sekunde kadhaa za kumtazama mdomo, utosi na madoa bila papara.

Mahali pengine pa kuketi ni karibu na mbarika, ule mmea ambao wengine huuita mbono. Pugi wa kifua cheupe anazipenda mbegu zake na huzifuata zikidondoka. Ndege akizila usidhani nawe unaweza: mbegu za mbarika ni sumu kali kwa binadamu, basi waonye watoto unaokwenda nao.

Usimchezee mlio wake kwenye simu ili atokee. Atadhani amevamiwa na mpinzani, ataacha kula au ataacha kiota. Kiota chenyewe ni kitu hafifu, vijiti vichache vilivyopangwa kwenye mimea iliyosongamana, na huwa na mayai mawili. Wazazi wote wawili hulisha makinda kwa maziwa mazito yanayotengenezwa kwenye kifuko cha koo. Ukikigundua kiota, piga hatua nyuma uondoke kwa njia uliyojia.

Akigonga kioo

Wengi humwona pugi kwa karibu kwa mara ya kwanza akiwa amelala chini ya dirisha. Kuruka kwake chini na kwa kasi, pamoja na kioo kinachoakisi miti, humponza. Mara nyingine huacha kwenye kioo alama ya unga mweupe yenye umbo lake zima, kwa kuwa manyoya ya njiwa hutoa vumbi laini.

Ukimkuta hai, mfunike kwa kitambaa chepesi na umwinue kwa mikono miwili bila kumbana. Njiwa akishikwa kwa nguvu humwaga manyoya, hasa ya mkia. Mweke kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza na utulivu, mbali na paka. Usimmwagie maji mdomoni wala usimlishe. Mwache saa moja au mbili, kisha peleka boksi nje na ulifungue. Akiwa amepona ataondoka mwenyewe. Akishindwa, mtafute daktari wa mifugo au uulize ofisi ya wanyamapori iliyo karibu. Ili wengine wasigonge, bandika vipande vya karatasi au uning'inize kamba upande wa nje wa kioo, kwa kuachanisha kiasi cha upana wa kiganja.

Usishawishike kumfuga. Nchini Kenya sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013, na Tanzania sheria namba 5 ya mwaka 2009, zinadhibiti ukamataji na umiliki wa wanyamapori, na ndege wa porini ni miongoni mwao.

Andika ulichokiona

Beba daftari dogo. Kwa kila pugi andika mambo haya kwa mpangilio huu, na usiuruke:

1. Mlio: ulianzaje, na uliishaje? Ulififia au ulikatika?
2. Mahali: kichaka kikavu, ukingo wa msitu, ndani ya msitu, au mlimani?
3. Kuruka: bawa lilikuwa jekundu? Mikanda miwili ilionekana?
4. Mdomo: mweusi, au mwekundu wenye ncha ya manjano?
5. Uso na kifua: vyeupe, vya kijivu au vya waridi?
6. Madoa: ya rangi gani, na je, alikuwa juani au kivulini?

Swali la sita liko mwisho kwa makusudi. Kumbukumbu zako zikijaa, zipeleke kwenye miradi ya ramani za ndege inayopokea taarifa za watu wa kawaida. Ukiwa Nairobi unaweza pia kujiunga na matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Yamekuwepo tangu miaka ya 1970 na wanaoanza wanakaribishwa.

Mimi niliifanya kazi ya nyumbani ya bibi nikiwa mtu mzima. Nilirudi kwenye njia ile ya kisimani. Mikorosho imepungua, na kisima kimefunikwa tangu mabomba yalipofika. Nikaketi juu ya mfuniko wa saruji. Kama saa tano hivi, jua limeshapanda, kichaka kikatoa sauti moja ya chini, kikasita, kikatoa mbili, kikasita tena. Kisha sauti zikaanza kuteremka, zikikimbizana na kufifia, mpaka sikujua ni ipi ilikuwa ya mwisho. Ni kichaka kikavu cha pwani, na mlio uliofifia. Jibu la swali la bibi nilikuwa nalo, na ndege mwenyewe alikuwa bado hajatoka.